Bomba la Kizimba na Mshono Wake

Mwenye gari akiingia karakana ya kuchomelea pale Nyalikungu, mjini Maswa, akaomba atengenezewe kizimba cha gari la mbio, kile ambacho watu wa rali hukiita rolikeji, fundi atamtuma dukani akalete bomba la inchi moja na nusu. Ndilo lililopo. Ndilo linalotengeneza mageti, milingoti ya bendera na reli za ngazi kuanzia Maswa hadi Bariadi. Kwa macho linatosha: ni nene, ni zito, na rodi ya kawaida inalishika bila taabu. Nataka kueleza kwa nini bomba hilo lisiingie kwenye gari la mbio, lipi liingie badala yake, na fundi wa mkoa wetu aliunganishe namna gani ili dereva na msoma ramani wake waweze kukabidhi maisha yao kwa mshono huo.

Tuanze na bomba lenyewe. Bomba liitwalo la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, na ukuta wake kwa daraja la kati ni milimita 3.2. Hutengenezwa kwa ukanda wa bati uliokunjwa na kuunganishwa kwa umeme kwa urefu wote. Ukipitisha kidole ndani ya tundu, mara nyingi utauhisi mshono. Kiwango cha Ulaya cha mabomba ya aina hiyo, EN 10255, kinaruhusu nguvu ya kuvutika ianzie megapaskali 320, kwa sababu kazi yake ni kubeba maji. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, katika kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, linadai nguvu isiyopungua megapaskali 350, na linadai bomba lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, la chuma cha kaboni kisichochanganywa, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3. Bomba la maji limeshakataliwa kabla mashine haijawashwa.

Likiwa limepakwa zinki mambo yanazidi kuharibika. Zinki huchemka kabla chuma hakijayeyuka, mvuke wake unatoboa mshono vitundu, na moshi wake mweupe humletea fundi homa na baridi kali usiku ule ule. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanausafisha moshi huo. Maziwa huenda tumboni na moshi huenda kwenye mapafu, kwa hiyo kinga ni kuiondoa zinki kwanza, kufanya kazi penye hewa na kuvaa barakoa inayofaa.

Sasa tuitazame ajali. Mkoa wetu wa Simiyu una udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka wakati wa kiangazi na kuteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Gari likiserereka kiubavu juu ya lami mara nyingi hubaki kwenye magurudumu yake. Likiserereka hivyo hivyo kutoka barabarani na magurudumu yakazama kwenye udongo laini au kunasa kwenye mtaro, sehemu ya chini inasimama ghafla na ya juu inaendelea na safari. Hapo gari hupinduka, na aghalabu kona ya paa juu ya kioo cha mbele, mahali penye nguzo nyembamba kuliko zote, ndiyo inayopiga chini mwanzo. Gari la kilo 1,200 likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 460, sawa na kuliangusha kutoka urefu wa karibu mita 39. Nishati hiyo ni lazima iishie mahali fulani: kwenye udongo, kwenye mabati yanayokunjana, kwenye magurudumu yanayong'oka, na kidogo kwenye kizimba kinachopinda.

Kizimba kina kazi mbili zinazovutana. Kinatakiwa kilinde nafasi ya watu isibonyee, na papo hapo kiwe tayari kupinda bila kukatika pale nguvu inapozidi. Mafundi wengi huiona kazi ya kwanza tu, ndiyo maana hukimbilia unene. Chuma kigumu kisichorefuka kitasimama imara hadi sekunde ya mwisho, kisha kitakatika ghafla, na ncha iliyokatika itaelekea ndani waliko watu. Mwezi Januari 2020, kwenye rali ya Monte Carlo, Hyundai ya Ott Tänak iliruka kutoka barabarani ikiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 180 kwa saa, ikabingirika mlimani mara kadhaa, na yeye na msoma ramani wake Martin Järveoja wakatoka kwa miguu yao. Miaka 14 na ushei kabla, Septemba 2005, kwenye rali ya Wales, Peugeot 307 ya Markko Märtin ilipiga mti ubavuni upande wa msoma ramani. Märtin hakuumia, lakini msoma ramani huyo, Michael Park, alifariki. Ubavuni nafasi kati ya mtu na mlango ni ndogo mno, kwa hiyo anayetengeneza kizimba asiuone msalaba wa mabomba mlangoni kama nyongeza ya kuwekwa fedha zikibaki.

FIA inataka tao kuu, lile linalosimama nyuma ya viti, liwe la bomba la milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0. Sehemu nyingine nyingi zinaweza kuwa za 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Fundi akizisoma namba hizi kwa mara ya kwanza hushangaa kuona bomba lenye ukuta wa milimita 2 tu likipewa kazi nzito kuliko zote. Hesabu inaonyesha sababu. Bomba la 45 kwa 2.5 lina uzito wa kilo 2.6 kwa mita. La 50 kwa 2.0 lina kilo 2.4, yaani ni jepesi kwa asilimia kumi hivi, lakini ukakamavu wake dhidi ya kupinda ni mkubwa kwa karibu asilimia 15. Kipenyo kikiongezeka kidogo, chuma kinakaa mbali zaidi na mhimili, na huko kinafanya kazi kubwa zaidi. Lile bomba letu la maji lina kilo karibu 3.6 kwa mita. Kizimba cha mita 30 kitakuwa kimeongeza kilo zaidi ya 30, nyingi zikiwa juu, karibu na paa, pale pale zinapolisaidia gari kupinduka.

Ukiagiza bomba sahihi, na kwa hapa kwetu maana yake ni kuagiza kutoka mbali, omba cheti cha kiwanda na usome mstari mmoja ambao wengi huuruka: hali ambayo bomba limekabidhiwa. Chuma cha daraja la E355 chini ya kiwango cha EN 10305-1 huuzwa katika hali kadhaa. Kikiwa na alama ya +C, yaani kimevutwa baridi kikaachwa hivyo hivyo, nguvu yake ya kuvutika ni megapaskali 640 na kuendelea, lakini hakiahidi kurefuka zaidi ya asilimia 4 kabla ya kukatika. Kikiwa na alama ya +N, yaani kimepashwa moto kiwandani ili kilegee, nguvu ni kati ya 490 na 630, na kinarefuka angalau asilimia 22. Mchuuzi atakusifia namba kubwa ya kwanza. Mimi nachukua ya pili bila kusita. Asilimia hizo 22 ndizo zinazoliruhusu bomba likunjwe bila kupasuka, na ndizo zitakazokula nishati siku ya ajali. Isitoshe, lile la +C likichomelewa joto hulilegeza kando ya mshono, kwa hiyo nguvu uliyoilipia inapotea mahali hasa unapoihitaji.

Hapo huja swali la kromoli. Chuma hicho, kile cha 4130, kina kaboni ya asilimia 0.28 hadi 0.33, kromiamu kidogo na molibdenamu kidogo, na nguvu yake kikiwa kimetulizwa hukaribia megapaskali 670. Vijana wanaofuatilia rali huamini kuwa kizimba cha kromoli ni kikakamavu kuliko cha chuma cha kawaida. Imani hiyo haina msingi. Ukakamavu wa vyuma vyote hivi ni karibu ule ule, gigapaskali 200 hadi 210, na mabomba mawili yenye vipimo sawa yatanyumbuka sawa sawa hadi lile dhaifu lifike kikomo chake. Faida ya kromoli hupatikana pale tu kanuni inapokuruhusu kupunguza unene. Kizimba unachojitengenezea kwa kufuata michoro na vipimo vya kifungu cha 253 kinatakiwa kiwe cha chuma kisichochanganywa. Aloi huja kwenye vizimba vilivyofanyiwa majaribio au mahesabu na kupewa cheti. Katika jaribio la namna hiyo tao kuu hukandamizwa kwa nguvu ya mara saba na nusu ya uzito wa gari ukijumlisha kilo 150, nalo haliruhusiwi kukatika wala kubonyea kupita milimita 50. Kwa gari letu la kilo 1,200 hizo ni zaidi ya tani kumi. Karakana isiyo na mhandisi wa kuthibitisha hilo haina sababu ya kugusa kromoli.

Sababu ya pili ya kuiacha kromoli ni mshono. Kaboni na kromiamu hukifanya chuma kiwe kigumu upesi. Ukanda mwembamba kando ya mshono, uliopashwa hadi kuwa mwekundu bila kuyeyuka, ukipoa ghafla huwa mgumu na mwepesi wa kupasuka. Maji yakimwagwa juu ya kiungo cha kromoli ili kipoe upesi, kama nilivyoona yakifanywa kwenye mageti, yanakiua. Upepo wa baridi nao unadhuru. Wanaoijua kazi hiyo huchomelea kwa TIG, polepole, kwa waya laini wa ER70S-2 au ER80S-D2 unaorefuka kuliko bomba lenyewe, kisha hukiacha kiungo kipoe kwenye hewa tulivu. Chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo kinamsamehe fundi zaidi.

Msimamo wangu kwa karakana za mkoa huu, basi, ni bomba lisilo na mshono la kaboni kidogo na mashine ya MIG yenye gesi. TIG inatoa mshono mzuri kuliko wote, na mwenye mkono huo autumie. Lakini TIG inadai bomba lililosafishwa hadi ling'ae, maungio yasiyo na mwanya, na fundi anayeweza kulala chali chini ya paa la gari akiwa na tochi mkono mmoja, waya mkono mwingine na pedali mguuni. Katika nafasi hiyo fundi wa wastani wa MIG atamshinda fundi wa wastani wa TIG.

Rodi je? Ile ya 6013, inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, imejenga nusu ya mji wetu na siidharau. Kwenye ukuta wa milimita 2, hata hivyo, inatoboa kwa urahisi, kila kuwasha na kuzima kunaacha kasoro, na ganda lake hunaswa kwenye kona kali ambako mabomba mawili yanakutana kwa mshazari. Rodi ya 7018 ina mshono bora zaidi, ila inataka kukaa kwenye tanuri dogo la kuikausha, maana unyevu ulioingia kwenye vazi lake hugeuka haidrojeni ndani ya mshono na kuupasua baadaye, pengine siku ya pili, fundi akiwa ameshalipwa. FIA inapendelea mchomeleo unaolindwa na gesi. Rodi naiacha kwenye stendi ya karakana, kwenye mabomba ya kizimba hapana.

Na MIG pia ina hila yake, na hili naomba wenye mashine walisikie vizuri. Ni mashine inayoweza kutoa mshono wa kupendeza ambao haujashika. Waya unayeyuka, unalala juu ya bomba, unang'aa, na chini yake chuma hakijayeyuka hata kidogo. Hutokea ampea zikiwa ndogo, mkono ukienda haraka, au umeme ukishuka katikati ya mshono. Wanaofanya kazi mwisho wa laini ya umeme, au kwa waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, wanajua jinsi sauti ya mashine inavyobadilika pindi jirani akiwasha kinu cha kusaga. Ukiisikia sauti hiyo, simama, kata sehemu hiyo, anza upya. Kwa waya wa milimita 0.8 na ukuta wa 2.5, ampea kati ya 90 na 120 ni mahali pazuri pa kuanzia majaribio. Gesi ya argoni iliyochanganywa na asilimia 20 ya kabonidayoksaidi inatulia zaidi kuliko kabonidayoksaidi tupu, ingawa hiyo tupu inapenya vizuri na inafanya kazi ukivumilia cheche.

Upepo ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Karakana zetu nyingi ni mti na bati nne. Upepo wa mita mbili tu kwa sekunde, ambao hautikisi hata tawi, unatosha kuipeperusha gesi, na mshono unajaa vitundu kama sponji. Kizimba kichomelewe ndani, au nyuma ya maturubai, au alfajiri kabla upepo wa kiangazi haujaamka.

Kabla ya moto kuna msumeno. Ncha ya bomba linalokutana na jingine ichongwe mdomo unaokumbatia mviringo wa mwenzake pande zote, mwanya usizidi milimita moja. Fundi anayeziba mwanya wa milimita nne kwa waya anajenga ukuta wa chuma kilichoganda, chenye mkazo ndani yake, na gari likikimbia miezi sita kwenye changarawe ufa utaanzia hapo. Makunjo nayo yafanyike bila moto, kwa mashine yenye kalibu ya kipenyo sahihi. Nusu kipenyo cha kunjo, kwa kupima katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Bomba likibonyea, upana mdogo usiwe chini ya asilimia 90 ya mkubwa. Mchanga na moto wa mkaa, vilivyotumika miaka yote kukunja mabomba ya vitanda, haviwezi kuahidi hayo.

Kisha kuna tatizo ambalo halionekani hadi unalikuta: mshono unatakiwa uzunguke bomba lote, nyuzi 360, na upande wa juu wa tao umegusana na paa. Hapo ndipo vizimba vingi vya mitaani hudanganya. Upande unaoonekana umechomelewa, wa juu umebaki mtupu, na rangi imefunika. Njia za haki zipo. Unaweza kutoboa sakafu ya gari mahali pa miguu ya kizimba, ukakishusha kizimba chote sentimita kadhaa, ukachomelea juu kwa uhuru, kisha ukakipandisha na kuweka mabamba chini yake. Unaweza pia kulikata bati la paa, ukamaliza kazi, ukalirudisha. Zote mbili zinachukua muda, na bei ya kizimba ihesabu muda huo tangu mwanzo wa mazungumzo na mteja.

Baada ya mshono, grainda iwekwe chini. Kuulainisha mshono ili upendeze huupunguza unene na huondoa ushahidi ambao mkaguzi angeusoma.

Nitajuaje kuwa mshono wangu umeshika? Kwa kuuharibu. Chukua vipande vya bomba lile lile, vichonge vile vile, vichomelee katika mkao ule ule utakaokuwa nao ndani ya gari, si juu ya meza. Kimoja kikate katikati kwa msumeno, kisugue kwa msasa hadi king'ae, kipake asidi nyepesi kwa uangalifu, na mpaka kati ya mshono na bomba utajitokeza. Utaona kama chuma kimeyeyukiana au kimelaliana tu. Kingine kifunge kwenye jiliwa, ukipinde kwa nyundo na mtarimbo hadi kishindwe. Bomba likipinda na kuchanika lenyewe huku mshono umebaki mzima, endelea na kazi. Mshono ukibanduka, hiyo ndiyo kazi ya siku hiyo, gari lisubiri.

Juu ya miguu ya kizimba sitasema mengi, ila watu wengi huisahau. Bati la sakafu ya gari dogo halifiki milimita moja na nusu, na kwenye gari lililozeeka sehemu yake imekuwa kutu. Tao la tani kumi likisimama hapo litapenya sakafu kama kisu. Chini ya mguu wa tao kuu FIA inadai bamba la unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, na kwa mguu wa kufungwa kwa bolti, bolti tatu au zaidi za M8 za daraja la 8.8. Bolti isiyo na namba kichwani isihesabiwe.

Rali za taifa hufanyika mbali na sisi, Morogoro, Iringa, Tanga, Arusha, chini ya chama cha magari cha AAT kilicho mwanachama wa FIA, na ile kubwa ya dunia hukimbiwa Naivasha, Kenya, ambako Rali ya Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Safari ya kwanza, mwaka 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa magari ya dukani yaliyogawanywa madaraja kwa bei yake. Kijana wa Maswa anayejua kuchomelea bomba la milimita 2 kwa uaminifu ana soko huko, na karakana za rali zinamhitaji.

Nyumbani soko hilo hilo lina sura ya trekta. Mkoa wa pamba unalima kwa trekta zaidi kila msimu, kwenye miteremko na kando ya makorongo, na trekta hupinduka kuelekea nyuma au ubavuni haraka kuliko dereva anavyoweza kuruka. Sweden iliagiza matao ya usalama kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Tao hilo linapimwa kwa kukandamizwa na kugongwa kiwandani, likiwa na bolti zake na chuma chake. Fundi asilitoboe kuning'iniza taa, asilichomelee ndoano, wala asilinyooshe likishapinda, lililopinda hubadilishwa.

Shida kubwa zaidi ni vivuli. Karakana zetu hutengeneza paa la bati juu ya mabomba manne membamba ili dereva asichomwe na jua, na kwa mbali paa hilo linafanana na kinga. Trekta likipinduka, paa hilo linakunjana juu ya dereva. Fundi anayekitengeneza amwambie hivyo mwenye trekta, na akiandike kwenye stakabadhi kwa jina lake, kivuli. Mwenye trekta naye afuate kanuni ya mkanda: penye tao lililopimwa na lililosimamishwa wima, mkanda ufungwe kila siku, kwa kuwa tao halimsaidii dereva aliyerushwa nje yake. Penye kivuli tu, mkanda usifungwe.